Mkuu wa shule ana haki ya kumkataa kijana kisa alikuwa mtoro?

Mjomba_wa_Moro (mwanzisha uzi)

Habari wakuu, niende kwenye mada.

Nina mtoto wa dada yangu, ana miaka 16, alikuwa kidato cha pili shule ya kata huko mkoa wa Geita. Mwaka jana kuanzia mwezi wa tano akaanza kukata shule. Asubuhi anatoka na sare na begi kama kawaida, dada anajua mtoto yuko darasani, kumbe sare anaivulia kwa rafiki yake anaenda mwaloni kuosha mchanga wa dhahabu na wakubwa. Dada kaja kujua mwezi wa nane, tena kwa simu ya mwalimu wa darasa. Akamrudisha, akaenda wiki mbili, akapotea tena. Tukakaa kikao cha familia tukaona nimchukue mimi aje Morogoro atulie asome.

Juzi nimempeleka shule ya kata hapa jirani, ni dakika kumi kwa mguu. Mkuu wa shule kanipokea vizuri kabisa, kaniuliza kijana alikuwa anasoma wapi na kwa nini anahama, nami nikamwambia ukweli maana sikutaka kuanza na uongo. Hapo hapo akafunika daftari lake. "Mzee wangu, mtoro mimi simpokei, huyu ana mtihani wa taifa mwaka huu na ataniharibia wenzake." Dogo alikuwa kakaa pembeni yangu kashika bahasha ya ripoti zake, vidole vimebabuka kwa yale maji ya mwaloni, akawa anaikunja tu ile bahasha na kuikunjua. Njia nzima ya kurudi hajasema neno.

Swali: shule ya serikali inaweza kumkataa mtoto kwa sababu alikuwa mtoro? Na kama haiwezi mimi naanzia wapi?

Pwani_Kwetu (#2)

Pole mkuu. Umefanya vizuri kusema ukweli, ungeficha ungekuja kuumbuka baadae. Ngoja waje wajuzi, mimi nakaa hapa kusoma.

Boda_Msamvu (#3)

Hawezi kukataa huyo. Elimu bila malipo tangu 2016, ada ile ya elfu 20 ya kutwa serikali imeifuta mpaka form four, na sheria ya elimu ya 1978 inasema kusoma ni LAZIMA, mzazi asiyepeleka mtoto anashtakiwa. Sasa mzazi anashtakiwa kwa kutopeleka halafu aliyepeleka anafukuzwa getini, inaingia akilini hiyo? Nenda kwa mtendaji wa kata rudi nae, utaona kiti kinapatikana.

Wakili_wa_Kijiweni (#4)

Boda hapo #3 una nia nzuri ila tuwe makini kidogo. Ule ulazima ulio kwenye Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 unahusu elimu ya msingi, mtoto aandikishwe akifika miaka 7 na ahudhurie mpaka amalize. Sekondari haikuwekwa kwenye ulazima ule. Sera mpya, ile ya 2014 toleo la 2023, ndo inasema elimu ya lazima iwe miaka 10 mpaka sekondari ya chini, lakini sera ni sera, sheria ni sheria.

Wengine watakuja na Katiba. Ibara ya 11 inataja haki ya kujielimisha, sawa, ila soma na Ibara ya 7(2) inayosema mambo ya sehemu ile huwezi kuyadai mahakamani. Kwahiyo usiende na Katiba mkononi ukidhani mkuu atatetemeka.

Silaha yako nzuri ni mbili. Kwanza Sheria ya Mtoto ya 2009, dogo ana 16 kwahiyo ni mtoto bado na ana haki ya elimu. Pili Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, ule uliotangazwa Novemba 2021 na Ndalichako, waziri wa elimu wakati huo. Watu wanaukumbuka kwa mabinti waliopata ujauzito tu, lakini unahusu kurudi shuleni kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali. Sababu mbalimbali, sio mimba peke yake.

Chaki_Nyeupe (#5)

Mimi ni mwalimu wa sekondari mwaka wa 19 huu, naomba mnisikilize na sisi kabla hamjatupiga mawe.

Darasa langu la form two lina wanafunzi 84, madawati wanabanana watatu watatu. Ruzuku ni shilingi elfu 25 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, hiyo ndo chaki, karatasi za mtihani, na mengine yote. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yakitoka naitwa mimi na mkuu wangu kujieleza mbele ya afisa elimu, hakuna anayeuliza huyu alihamia lini na alikuwa wapi, wanaangalia asilimia. Sasa unaniletea kijana ambaye hajakaa darasani nusu mwaka.

Na utoro unaambukiza jamani, msidhani ni maneno. Niliwahi kumpokea mmoja katoka machimboni, kijana mpole hana matusi. Ndani ya mwezi wanafunzi wangu wanne wakaondoka nae kwenda machimbo ya dhahabu ya Chunya. Mama wa mmoja wao alikuja kunililia ofisini kwangu, nami sikuwa na la kumjibu. Nikimkumbuka yule mama namwelewa mkuu aliyefunika daftari, hata kama sikubaliani nae.

Mama_Wawili (#6)

Mwl Chaki nakuheshimu sana ila hapo kuna kitu mnakiruka wote. Huyu mtoto mmemuuliza KWA NINI aliacha?

Wa kwangu alianza utoro kidato cha kwanza. Tumempiga, tumemnyima simu, baba yake kamfungia nje usiku. Siku moja nikamwambia lete daftari la baiolojia unisomee. Akashika daftari akaanza kulia. Msingi alisoma kwa Kiswahili miaka saba, kafika sekondari kila kitu Kiingereza, ananakili ubaoni haelewi hata mstari, akinyoosha mkono anachekwa. Alikuwa anaenda kukaa stendi mpaka saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa najua ni bangi.

Kanda_ya_Ziwa (#7)

Dada #6 kwa wako sawa ni lugha, ila kwa huyu wa mleta uzi naomba nikatae, mimi nimekulia Katoro huko huko. Hapo ni hela tu. Mtoto akiosha mchanga mwaloni au akisomba mawe ya kupeleka karashani, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, jioni anarudi na hela yake taslimu. Anakula chipsi, ananunua raba, wadogo zake wanamheshimu. Shuleni amekaa na njaa mpaka mchana, anaambiwa lete hela ya mtihani wa majaribio, hana, anarudishwa nyumbani. Wewe ungekaa wapi?

Na mjomba samahani kama naingilia, dada yako alikuwa hajui kweli miezi mitatu? Mikono ya mwaloni haifichiki hata siku moja.

Mjomba_wa_Moro (#8)

Kanda ya Ziwa swali lako limenichoma lakini ni la haki. Dada anauza samaki wakavu, anatoka saa kumi usiku kwenda kuchukua mzigo na anarudi giza. Na kuna siku alikuta unga na mafuta ndani hajui vimetoka wapi, dogo akasema kapewa na rafiki. Naanza kuona labda alijua nusu akanyamaza nusu. Sitaki kumhukumu.

Mama Wawili nitamuuliza leo jioni.

Nairobi_Mashariki (#9)

Hujambo ndugu zangu, nawasoma nikiwa huku Nairobi. Kwetu hii kitu iko wazi zaidi. Basic Education Act ya 2013 inasema mwanafunzi akikosa shule bila sababu, mwalimu mkuu ndiye anafaa kuchunguza chanzo. Mzazi akizembea anaweza kupigwa faini hadi shilingi laki moja au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Na Katiba kifungu cha 53 inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kwa sheria yetu sekondari iko ndani ya hiyo elimu ya msingi. Kwa hivyo mwalimu akikataa mtoto wa 16 unaenda kwa chifu na kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, si kubembeleza.

Lakini nisidanganye, walimu wakuu bado wanakataa. Hawasemi "mtoro", wanasema "nafasi imejaa".

Boda_Msamvu (#10)

Hahaha Mkenya karibu, lete na hiyo sheria huku tuitumie. Ila umesema kweli, hata huku neno ni "nafasi hakuna". Huyu mkuu wa Moro angalau kasema ukweli wake mchana kweupe.

Mwana_Mbeya (#11)

Mimi naenda tofauti na wote. Wakili #4 anasema shule haiwezi, mimi nasema inaweza, kuna kanuni za kufukuza wanafunzi za 2002. Na mtoro akifikisha siku 90 mfululizo bila taarifa jina linakatwa, hiyo kila mwalimu anaijua. Dogo mwezi wa tano mpaka wa nane kashafika hapo, huyo sio mwanafunzi tena kisheria, anahamishwa vipi mtu ambaye hayupo kwenye orodha?

Wakili_wa_Kijiweni (#12)

Kanuni unazosema ni Tangazo la Serikali Na. 295 la 2002, hebu tuzisome vizuri. Zinataja makundi ya sababu za kumfukuza: tabia mbaya ya makusudi na ya kujirudia inayohatarisha nidhamu au jina la shule, kosa la jinai kama wizi, kuharibu mali, dawa za kulevya, ukahaba au makosa dhidi ya maadili, na kuingia kwenye ndoa. Hizo ni sababu za kumtoa mtu aliye ndani, tena sio kwa hasira za asubuhi moja. Huyu dogo kuna mtu alimfukuza? Kuna barua? Kama hakuna barua ya kufukuzwa basi hajafukuzwa, ni mwanafunzi aliyekatiza masomo, na huyo ndo waraka wa 2021 umemuongelea.

Mwana_Mbeya (#13)

Utoro wa miezi mitatu sio "tabia mbaya ya makusudi na ya kujirudia"? Alikuwa anavaa sare kila asubuhi kumdanganya mama yake. Makusudi gani zaidi ya hapo?

Mama_Wawili (#14)

Mtoto anayeleta unga na mafuta nyumbani unamuita tabia mbaya? Jamani.

Ofisi_ya_Kata (#15)

Nafanya kazi za elimu ngazi ya kata, sitasema wapi. Hapa mnabishana sheria wakati tatizo ni utaratibu. Mleta uzi alienda na mtoto na bahasha ya ripoti. Uhamisho hauendi hivyo. Kila mwanafunzi ana namba yake ya PREM, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, tangu shule ya msingi, inamfuata. Uhamisho unaanzia shule anayotoka, mkuu wa kule aanzishe, huku wakubali, na kwa kuwa ni mkoa hadi mkoa kuna ofisi za juu zitapitia. Mkuu wa Morogoro hata angempenda vipi huyo mtoto, akimkalisha darasani bila jina lake kuhama, mwezi wa kumi kijana hatakuwa kwenye orodha ya watahiniwa. Atalia siku hiyo na lawama itamrudia mwalimu.

Kwahiyo hatua ya kwanza ni simu Geita, sio Morogoro. Uliza jina limekatwa au lipo.

Ya pili, huyo mkuu muombe aandike kwa maandishi kwamba hampokei na sababu. Kwa heshima tu, bila ugomvi. Mkuu anaweza kusema neno lolote mdomoni ila akishika peni anafikiria mara mbili.

Chaki_Nyeupe (#16)

Ofisi ya Kata kasema kweli tupu. Naongeza, mpeleke kwa mwalimu wa malezi kwanza kabla ya mkuu, mwalimu wa malezi akishamkubali kijana anakuwa wakili wake ndani ya ofisi.

Mzee_wa_Kilakala (#17)

Enzi zetu mtoro alikuwa anapewa fimbo zake sita mbele ya mstarini na kesho yupo darasani, hakuna waraka wala nini. Mnawalea sana hawa watoto.

Wakili_wa_Kijiweni (#18)

Mzee shikamoo. Kanuni za viboko za 2002, sio zile za kufukuza, zinasema visizidi vinne, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa nae, binti apigwe na mwalimu wa kike, na iandikwe kwenye kitabu.

Mzee_wa_Kilakala (#19)

Marahaba mwanangu. Vinne, sawa, nimekubali. Ila nikuambie jambo, rafiki yangu Abdala alipigwa sita akaruka ukuta siku hiyo hiyo hakurudi mpaka leo. Alikuwa ananizidi hesabu. Kwahiyo labda na mimi sijui ninachokisema.

Dada_Singida (#20)

Mzee umenigusa.

Mimi nilikuwa mtoro. Kidato cha pili pia. Kutoka nyumbani mpaka shule ilikuwa masaa mawili kwa mguu, siku za hedhi siendi, nikirudi naandikwa jina napigwa, nikaona bora nisirudi kabisa kuliko kupigwa. Nikakaa nyumbani karibia muhula mzima. Baba mdogo akanipeleka shule nyingine, huko nako mkuu akasema mtoro hapana. Ya tatu tukakuta mkuu mwanamke. Alifungua ripoti, akaona ile safu ya mahudhurio imejaa mistari myekundu, akaivua miwani akaniuliza, "Ulikuwa unakula nini asubuhi?" Sio ulikuwa wapi. Ulikuwa unakula nini. Nikashindwa kujibu maana jibu lilikuwa hakuna. Akamwambia baba mdogo huyu aje jumatatu, mengine tutaandikiana.

Leo nachoma sindano watoto wa watu hospitali ya wilaya. Nasema hivi kwa sababu wale wawili wa mwanzo walionikataa nao walikuwa na sababu zao na nina hakika walilala usingizi vizuri.

Boda_Msamvu (#21)

Daah. Nimesimamisha pikipiki kusoma hii.

Kijana_Huru (#22)

Kwa nini msimpeleke private tu? Pesa inaongea, hakuna atakayeuliza utoro.

Chaki_Nyeupe (#23)

Huko private ndo watakuuliza zaidi, wana usaili wa kuingia na wastani wa kuvukia darasa, na asiyefikia anaambiwa akatafute shule nyingine. Shule ya serikali angalau una pa kwenda kulalamika.

Kanda_ya_Ziwa (#24)

Kuna njia nyingine, asome nje ya mfumo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wana vituo mikoani, anafanya QT, ule mtihani wa maarifa, akifaulu anafanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Binamu yangu kapita huko sasa hivi yupo chuo cha ualimu. Kwa kijana aliyezoea hela naona hiyo inamfaa, asubuhi anafanya kibarua jioni anasoma.

Mama_Wawili (#25)

Ana miaka 16. Ukimpa kibarua asubuhi jioni hatarudi, umesema mwenyewe hela ilivyomshika. QT ni kwa ambaye mlango wa shule umefungwa kweli, huyu hatujabisha hodi hata mara mbili.

Mwana_Mbeya (#26)

Na mkimlazimisha shule akatoroka tena mkuu atakuwa alisema kweli. Simtakii mabaya, mimi mwenyewe nina mdogo wangu tulimrudisha shule mara tatu. Mara ya tatu alituachia sare imekunjwa vizuri juu ya kitanda, ndo tukajua ameondoka moja kwa moja.

Mjomba_wa_Moro (#27)

Wakuu nashukuru wote, naleta mrejesho.

Jana jioni nilikaa nae nje, nikamuuliza kama Mama Wawili na Dada Singida walivyosema. Nilitegemea aseme hela au njaa au lugha. Kasema mwezi wa nne walirudishwa nyumbani darasa zima kwa sababu ya hela ya chakula cha mchana, yeye akapata ya nusu, akamkabidhi mwalimu, mwalimu akasahau kuandika. Kesho yake akaitwa mbele muongo. Hakutaka kumwambia mama yake maana mama angetafuta nyingine. Basi akaenda mwaloni kuitafuta, akasema ataenda siku mbili tu. Sasa sijui hii ndo sababu au ndo kisingizio, Kanda ya Ziwa anaweza kuwa sahihi na Mama Wawili pia, maana nilimpa na kitabu cha historia anisomee akasoma kwa shida.

Leo nimepiga simu Geita. Mwalimu wa taaluma kasema jina bado lipo ila "liko kwenye penseli", yaani walikuwa wanasubiri kikao cha bodi ya shule ndo walikate. Kaahidi kuongea na mkuu wake waanzishe uhamisho kabla ya kikao.

Saa nane nikarudi kwa mkuu wa hapa, peke yangu. Nikaomba kwa heshima aniandikie kwamba hampokei. Alikaa kimya muda mrefu. Akaniuliza kama kijana anacheza mpira. Nikasema sijui. Akasema njoo nae alhamisi lakini sijasema ndio.

Ofisi_ya_Kata (#28)

Kwenye penseli ni habari njema sana, kimbizana na hiyo bodi. Kikao ni lini?

Mjomba_wa_Moro (#29)

Ijumaa wiki hii.

Mwana_Mbeya (#30)

Alhamisi halafu ijumaa. Usilale mjomba. Na Chaki hapo juu, wale wanne walioenda Chunya walirudi?

Chaki_Nyeupe (#31)

Wawili.